Nani tena kaacha friza wazi?

Jamani hivi mlango wa friza una uzito gani? Nauliza tu. Sisi mafundi wa nyuzi za kaboni tunajua ule mzigo, yaani kitambaa cha kaboni kilicholowekwa rezini (gundi yake), unakaa nyuzi 18 chini ya sifuri (nyuzi ndani ya nyuzi, ndo maisha yetu) kwa sababu ukipata joto rezini inaanza kukomaa yenyewe taratibu. Ndo maana kuna kadi. Roli la mzigo likitoka friza andika saa, likirudi andika saa. Ni kazi ya sekunde tano!! Lakini uliza "hili limetoka lini?" uone watu wazima wanavyokagua dari.

Halafu kuna yule ndugu mwenye haraka, roli bado baridi kama maiti yeye keshachana mfuko. We unakimbilia wapi? Unyevu wa hewani unatua juu ya mzigo, unalazwa humo humo kati ya matabaka, mnaingiza kwenye otoklevu (lile tanuri la presha) nyuzi 180 huko, maji yanageuka mvuke, kipande kinatoka na vipele kama uso wa kijana wa miaka 15. Na nani anaitwa kuandika ripoti? Mimi. Nani anakaa na msasa huku vumbi linamuwasha shingo mpaka usiku kitandani? Mimi tena.

Mnaonielewa nyoosheni mikono, najua mko wengi.

Na wewe wa shifti ya jana, glovu zako umezisahau pale mlangoni. Zina jina.