Daftari la madeni na duka la mtaani fedha inapoadimika

Mitaa ya Dodoma haisubiri takwimu ndipo ijue kwamba fedha imeadimika. Wachumi huita mdororo pale pato la taifa linaposhuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Kwa hesabu ya mwaka mzima Tanzania haikurudi nyuma hata 2020, mwaka wa korona: uchumi ulikua kwa asilimia 4.8, baada ya kukua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2019. Lakini wastani wa taifa ukiendelea kupanda, mtaa mmoja wa Nkuhungu au kata moja ya Chamwino inaweza kuwa imesimama kabisa. Dalili huonekana dukani kabla ya kuonekana kwenye ripoti. Aliyekuwa akinunua sukari kilo anaomba robo, mafuta ya chupa ya lita yanageuka ya kupima, na daftari la madeni linajaa kabla ya tarehe 15.

Hapo ndipo ushauri uliozoeleka hutolewa: acha kukopesha. Utausikia kwenye semina za ujasiriamali na kwa maofisa mikopo, na wenye maduka wenyewe huubandika ukutani kwa maneno ya wahenga, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Ushauri huo una hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo inastahili kuelezwa vizuri kabla ya kupingwa.

Chukua duka la vyakula ambalo faida yake ni shilingi 10 katika kila 100 ya mauzo, kiwango ambacho sukari na unga mara nyingi haviwezi hata kukifikia. Mteja akikopa bidhaa za 20,000 akahama mtaa, kilichopotea ni mtaji wa 18,000. Kila mauzo ya 20,000 yanaleta faida ya 2,000 tu, kwa hiyo muuzaji lazima auze bidhaa za 180,000 ili arudi pale alipokuwa. Kodi ya makadirio nayo, kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi milioni 4, huangalia mauzo, si faida. Wateja wanne wa namna hiyo ndani ya mwezi mmoja wanatosha kuacha rafu wazi.

Kuna na hasara ya pili, ambayo washauri huisisitiza zaidi: mtaji kulala. Tuseme bidhaa za mtaji wa 270,000 huuzwa kwa 300,000. Zikiuzwa taslimu na mzigo ukazunguka mara tatu kwa mwezi, faida ni 90,000. Zikikopeshwa hadi mwisho wa mwezi, faida ni 30,000. Muuzaji amepoteza 60,000 ingawa kila mteja amelipa deni lake lote. Ukiitazama hesabu hii peke yake, anayekopesha anaonekana mtu asiyejua biashara.

Lakini hesabu hiyo inadai kitu kimoja ambacho hali ngumu hukiondoa: kwamba mzigo ungezunguka mara tatu. Fedha ikikauka mtaani, gunia lililokuwa likiisha kwa siku kumi linakaa mwezi. Mzunguko ukishuka kutoka tatu hadi mmoja, mauzo ya taslimu yanaleta 30,000 ile ile ambayo mkopo wa mwezi ungeleta. Ukishuka chini ya hapo, anayekataa kukopesha ndiye aliyelaza mtaji, tofauti ni kwamba umelala kwenye rafu badala ya kwenye daftari. Na rafuni hauko salama: unga unaingia wadudu, mikate inachacha, maziwa yanapita tarehe. Wakati huo kodi ya fremu, yaani chumba cha duka, inaendelea, umeme wa LUKU unaisha, mchango wa ulinzi unadaiwa.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloachwa nje ya karibu kila mjadala wa mkopo wa dukani. Gharama ya kumsubiri mteja haifanani nyakati zote. Biashara ikichangamka, kusubiri ni ghali. Biashara ikidorora, kusubiri kunakuwa rahisi, kwa kuwa bidhaa ile haikuwa na mnunuzi mwingine. Kinachopanda nyakati hizo ni hatari ya kutolipwa kabisa. Mwenye duka basi ana maswali mawili tofauti, deni litakalochelewa na deni litakalokufa, na ushauri wa "acha kukopesha" unayajibu yote kama ni swali moja.

Wenye maduka wazoefu huyatenganisha kwa kumjua mteja analipwa na nani, na lini. Fundi na saidia fundi wa maeneo ya ujenzi, Mtumba, Ihumwa au Iyumbu, wengi hupokea Jumamosi. Deni lao likivuka Jumamosi mbili bila hata kiasi kidogo kulipwa, kazi imesimama au mtu amehamia saiti nyingine. Bodaboda anapata kila siku, na kila siku mwenye pikipiki anamdai "hesabu", yaani kiasi walichokubaliana amkabidhi, hivyo mkopo wake unafaa uwe wa siku moja au mbili. Ukiruka wiki, unashindana na hesabu, na hesabu ndiyo hulipwa kwanza. Mtumishi wa umma anaonekana mteja salama kuliko wote, lakini mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira sio unaomfikia. Mwenye mkopo wa benki anaweza kubaki na theluthi moja tu ya mshahara baada ya makato, na mwezi wa Januari, wenye sare, madaftari na michango ya shule, theluthi hiyo inakuwa imeshagawanywa kabla haijaingia. Kwa mtumishi, makato ndiyo ya kuangalia kabla ya cheo.

Mkulima ni hesabu nyingine kabisa. Bahi, Chemba, Kongwa na vijiji vya Chamwino vina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na fedha yake huja kati ya Mei na Julai. Deni la Februari haliwezi kulipwa Machi hata mkulima akiwa mwaminifu kiasi gani. Anayemkopesha kwa ahadi ya "mwisho wa mwezi" amejitengenezea ugomvi mwenyewe. Naomba tusichanganye mkopo huu wa dukani na ule wa kutoa debe la mahindi wakati wa njaa na kudai madebe mawili au matatu wakati wa mavuno. Huo ni unyonyaji, na anayeulaani yuko sahihi. Daftari la duka la kawaida halina riba. Likiongeza kitu, ni shilingi mia kwenye bei ya kilo.

Ndiyo maana naona daftari linahukumiwa vibaya. Mtaa ukinyimwa mkopo dukani hauachi kula. Unaenda kwa mikopo ya kausha damu, yenye marejesho ya kila siku na kadi ya benki au kitambulisho kushikiliwa kama dhamana, wakati wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu wanatakiwa kutovuka riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kaya iliyokopa 50,000 huko ili inunue unga, mwezi unaofuata inalipa riba kwanza na dukani inaleta kinachobaki. Mwenye duka aliyekataa kumkopesha mama wa kaya hiyo sukari na unga hakujikinga. Amempeleka mteja wake kwa mtu mwingine atakayelipwa kabla yake.

Lipo pia suala la fedha kubaki hapa hapa. Sukari na sabuni zikilipwa, sehemu kubwa ya fedha inapanda gari kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Unga wa mahindi ya Kibaigwa, mchele wa Bahi, karanga na mafuta ya alizeti ya Singida vinarudisha fedha kwa watu ambao nao ni wateja wa maduka ya kanda hii. Muuzaji mwenye uwezo mdogo wa kukopesha hafanyi kosa akianza na hivyo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kukopesha ni nyingine, na watetezi wa daftari hupenda kuipita haraka. Wadaiwa wa duka moja huanguka pamoja. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ilipunguza ushuru wa forodha kwenye mafuta ya kula kutoka nje ili kumpunguzia mlaji makali ya bei; wakati huo huo bei za mafuta hayo kwenye soko la dunia, zilizopaa mapema 2022, zilikuwa zimeshuka. Msimu wa 2023 bei ya mbegu za alizeti ikaanguka Singida na Dodoma, na ushuru ukapandishwa tena baadaye. Mlaji wa mjini alipata nafuu ya kweli. Lakini fikiria duka la Ikungi au Mkalama ambalo wadaiwa 40 wote walikuwa wakisubiri alizeti: kusambaza mkopo kwa watu wengi kulisaidia nini, kama wote walitegemea gunia la zao moja? Mjini hali ni hiyo hiyo kwa sura tofauti. Ofisi ikichelewa kumlipa mkandarasi, mkandarasi anamchelewesha mwenye duka la nondo na saruji, na anawachelewesha mafundi. Mafundi wanamchelewesha muuza unga. Huyu wa mwisho hana mkataba ulioandikwa wala madai ya riba ya ucheleweshaji.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni wadaiwa wangapi wanategemea chanzo kimoja, kuliko idadi yao. Duka lenye mafundi kumi wa saiti moja lina mdaiwa mmoja mkubwa, hata kama daftari lina majina kumi. Saiti ikisimama, ukurasa mzima umesimama.

Yanayoua maduka mengi yanayokopesha, hata hivyo, hayatoki kwa wateja. La kwanza ni mtaji wa mkopo. Mwenye duka anachukua fedha ya marejesho ya kila wiki, kisha anaigeuza mkopo wa mwezi mzima kwa wateja. Hata wote wakilipa kwa wakati, wiki tatu za kwanza marejesho yanatoka kwenye mzigo, na ikifika wiki ya nne hakuna cha kuuza. La pili ni uwakala. Duka likiwa pia na huduma ya fedha kwa simu, mteja anaomba "nitumie 50,000 nitaleta jioni". Faida ya wakala kwenye muamala huo ni kamisheni ndogo sana ukilinganisha na kiasi chenyewe, na fedha ikishaondoka kwenye floti, yaani salio la wakala la kuhudumia miamala, wateja wengine wote wa siku hiyo wanarudishwa. Floti isikopeshwe hata kwa ndugu. Vocha vivyo hivyo.

La tatu ni mali kauli. Muuzaji wa jumla anayetoa mzigo kwa neno, ulipwe ukishauzwa, ndiye anayelisha daftari la mtaani bila kuonekana. Hali ikibana, huyo ndiye wa kwanza kusema "lete fedha", na mara nyingi husema kwa wateja wake wote ndani ya wiki moja. Duka linabanwa pande zote mbili: linadaiwa taslimu huku wateja wake wakiomba siku zaidi. Mwenye duka anayejua kwamba nusu ya rafu yake ni mali kauli anapaswa kuihesabu nusu hiyo kama isiyokopesheka. Anachoweza kukopesha ni sehemu ya mtaji wake mwenyewe, na robo ya huo, kwa maoni yangu, ni mwisho wa kwenda wakati mgumu. Mwenye mtaji wake wa 1,200,000 afunge daftari likifika 300,000, hata aliyesimama mlangoni akiwa mteja wa miaka yote.

Uandishi wenyewe pia hulegea. Tarehe, bidhaa, kiasi, bei ya siku hiyo na siku ya kulipa viandikwe mbele ya mteja, aweke sahihi, na malipo yaandikwe kwenye mstari wake bila kufuta deni la mwanzo. Aliyelipa nusu akope tena hadi nusu. Asiyelipa chochote asipewe kipya hadi apunguze. Wenye aibu hukimbia duka wanapodaiwa hadharani, na wakikimbia wanapeleka hata ununuzi wao wa taslimu kwingine, kwa hiyo kumkumbusha mtu kwa ujumbe wa simu au kwa kumwita pembeni kunaokoa mengi. Kulipia kwa simu kunasaidia, maana tarehe na kiasi havibishaniwi.

Halmashauri nazo zina nafasi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Vikundi vingi huomba kwa ajili ya biashara ndogo, maduka yakiwemo. Kikundi chenye duka Chemba kikipokea fedha Januari na kutakiwa kuanza marejesho Februari, kinalipa katika miezi ambayo wateja wake wote hawana kitu. Marejesho yakianza Juni au Julai, fedha ile ile inapita kwenye daftari katika miezi ya njaa na kurudi pamoja na mavuno. Wauzaji wa jumla wa Majengo na Sabasaba wanaweza kufanya jambo la karibu na hilo bila kusubiri mtu: kupunguza mali kauli kwa nusu na kutoa taarifa ya wiki mbili, badala ya kuifunga siku moja kwa maduka yote.