Meneja wa Kompyuta Ajue Nini?

Malalamiko ya vijana wengi wa kompyuta hapa Mombasa ni kwamba umeneja wa tehama hupewa hodari wa ripoti, naye aliyekesha akifufua seva akabaki fundi. Wana hoja. Bosi asiyejua mtandao unavyogawanywa huuziwa chochote na yeyote, na katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, meneja na fundi ni mtu mmoja.

Ila hodari wa ripoti naye anaonewa. Kazi yake inaitwa maneno matupu, na sivyo.

Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike, inayouza programu za kulinda kompyuta, ilisambaza sasisho bovu. Dakika 78 baadaye ikaliondoa. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikwama, nazo hazifiki hata asilimia moja ya mashine zote za Windows. Tiba ilijulikana siku ileile: washa mashine katika hali salama, yaani ikiwa na programu za lazima tu, futa faili moja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor angeiweza. Mbona basi shirika la ndege la Delta lilifuta safari karibu 7,000 kwa siku tano?

Nyingi ya mashine hizo zilihitaji mtu azifikie moja moja kwa mkono. Zenye diski iliyofungwa kwa usimbaji, yaani data iliyogeuzwa isisomeke bila ufunguo, zilidai ufunguo wa tarakimu 48. Umehifadhiwa wapi? Kuna waliokuwa wameuweka kwenye seva ambayo nayo imekwama. Tuanze na kompyuta ya kaunta au ya mhasibu? Ujuzi wa kufuta faili haujibu maswali hayo. Anayeyajibu ni yule aliyeorodhesha mashine zote miezi kabla, akakubaliana na wakuu wa idara ipi itangulie, akachapisha orodha na kuifungia kabatini.

Na fedha je? Kontena likipitisha siku zake za bure bandarini Kilindini, gharama ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa. Fundi akimweleza tajiri habari za diski na bekapu, yaani nakala za akiba, ataambiwa asubiri mwaka ujao. Akimwambia, "Mfumo ukilala siku mbili, mizigo ya wateja italala nayo na bili itatufuata sisi," kalamu ya hundi inatoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo imeleta kazi nyingine ya kuandika: data za watu zikivuja na kuwaweka hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Cheti cha kuunganisha ruta ni kizuri, lakini hakimfundishi mtu kuandika barua hiyo.

Waajiri wangebadili usaili. Fundi anayetaka umeneja apewe karatasi moja aandike, kwa lugha ya mwenye duka, ofisi itakavyorudi kazini mfumo ukianguka. Naye hodari wa ripoti akalishwe mbele ya kompyuta, arudishe faili kutoka kwenye bekapu jopo likitazama.