Gari Limegawanywa kwa 24, Vumbi Je?

Jamani, hawa wanaotutengenezea vigari vya plastiki vya kuunga na kupaka rangi wenyewe, hesabu yao ina walakini. Kwenye boksi wameandika 1:24, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 24. Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ambayo ile ya barabarani ina urefu wa mita 5 na ushei, imekaa mezani kwangu na sentimita zake 21. Haya, nimekubali. Lakini mbona walichogawa ni gari peke yake? Vumbi hawakuligawa. Unywele hawakuugawa. Vidole vyangu ndiyo kabisa, wameviacha vilevile nilivyozaliwa navyo. Kidole cha upana wa sentimita 2 mbele ya mlango wa gari hili ni nguzo ya karibu nusu mita, halafu nguzo hiyo ndiyo inatakiwa ibandike kitasa.

Nianze na unywele, maana ndio unaoniuma. Umepuliza rangi nyekundu mpaka mkono wa mwisho, boneti inang'aa unajiona sura. Unashusha kopo, unashusha pumzi, na hapohapo unywele unatua katikati ya boneti, taratibu, kama mgeni mwalikwa. Unywele una unene wa chini kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita. Zidisha kwa 24: hiyo ni kamba ya karibu milimita 2 imelazwa juu ya gari. Nani atalinunua gari lenye kamba ndani ya rangi? Na kinachonitia wazimu ni kwamba mimi ni kipara. Nyumba nzima nimeipekua kumtafuta mwenye unywele ule, kila mtu ananitazama kama mgonjwa.

Ukiugusa mbichi, umeharibu. Ukiuacha, umekauka nao. Unauacha, unasugua kwa msasa wa maji, ule mlaini kabisa wa namba 2000, halafu unapuliza upya, na upya wenyewe una masharti. Rangi ya gari la kweli, tabaka zote kwa pamoja, ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Weka unene uleule kwenye kigari hiki, kwa vipimo vyake umekipiga lipu ya milimita 2 na nusu. Mistari ya milango inazibika, nembo inazama, linabaki gari la kipande kimoja ambalo dereva wake ataingilia dirishani. Kwa hiyo unapuliza ukungu tu, mara hafifu, mara hafifu tena, kopo likiwa limelowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi isitoke na vidonge na kukauka kama ganda la chungwa. Ya moto hapana, kopo la presha si la kuchezea. Na siku ya unyevunyevu usithubutu: mng'ao unakauka mweupe, umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Halafu usubiri. Hapa ndipo ninapowashangaa zaidi. Siku moja ya kusubiri rangi ikauke, ikigawanywa kwa 24, ni saa moja kamili. Hesabu safi, haina hata baki! Kwa nini hili halikufikiriwa? Enameli, ile rangi ya mafuta, inajikaukia kwa starehe zake, siku baada ya siku, nawe huruhusiwi hata kuijaribu kwa ncha ya kidole, kwa sababu alama ya kidole hicho itabaki pale milele kama sahihi kwenye hati ya nyumba. Ukikosa subira ukampulizia enameli mwenzake laka, ile rangi ya kukauka haraka, juu yake, ngozi yote inakunjamana. Laka chini, enameli juu, wanaelewana. Wageuze, ugomvi. Rangi hizi zina daraja kuliko watu.

Praima nayo, ile rangi ya msingi inayotangulia, usiniulize. Kwanza unaosha plastiki kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, ndipo unapuliza praima ambayo hakuna binadamu atakayeiona. Lakini ikiwa ya kijivu, nyekundu yako inapoa inakuwa ya huzuni. Ikiwa nyeupe, inachangamka. Yaani kitu kisichoonekana ndicho kinachoamua kinachoonekana.

Tuje kwenye kromu. Waliochora gari hili la mwaka 1957 hawakuwa na huruma hata chembe. Kromu kwenye bampa, kromu kuzunguka vioo, kromu ubavuni inakwenda mpaka kwenye mapezi ya nyuma, yale yaliyosimama kama ya samaki, na hapo kwenye pezi wakaongeza bamba la alumini. Juu ya boneti wakasimika vitu viwili kama roketi. Grili wakaipa rangi ya dhahabu, sijui walikuwa wanakwenda harusini. Yote hayo unayabandika kwa foili nyembamba ambayo ukiivutia pumzi inakuja puani. Unailaza, unaikandamiza kwa kijiti cha kuchokolea meno, unaikata kwa wembe mpya, kwa sababu wembe wa jana unachana badala ya kukata. Mkono ukitikisika milimita moja, kwa vipimo vya gari hili umetikisika sentimita 2 na zaidi. Nami nina moyo unaodunda, nifanyeje, niuzime?

Halafu injini. V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 283, inapakwa rangi ya machungwa, na plagi zake nane kila moja inataka waya wake. Kibano kinabana kipande, kipande kinaruka, zulia linameza. Zulia halijawahi kurudisha kitu. Ukimaliza waya zote nane, unafunga boneti. Basi. Imeisha hiyo.

Wageni wa hapa nyumbani ni wa aina mbili. Wa kwanza anauliza, "Linatembea?" Huyo namsamehe. Wa pili anajua kila kitu, mikono nyuma, kichwa upande: "Mbona halina mfuniko wa mafuta?" Bwana, kwenye Bel Air ya 1957 mfuniko umefichwa ndani ya kromu ya pezi la kushoto! Nilisubiri hilo swali kwa hamu, nikamjibu kwa sauti ya chini kabisa, na hakukaa sana.

Aliyebaki kunisumbua ni mke wangu. Jana kasimama mlangoni, kaniangalia nimeshika pumzi na brashi ya unyoya mmoja nikipaka mishale ya dashibodi.

"Baba watoto, gari letu la kweli lina mkwaruzo mlango mzima. Lile halina haki ya kupakwa rangi?"

"Mkwaruzo ule," nikamwambia bila kuinua kichwa, "ukiugawa kwa 24, hauonekani."

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Jioni akaniletea sahani, katikati kuna tonge moja na punje tatu za maharage, na kibano changu pembeni.

"Umegawiwa kwa 24," akasema. "Na angalia, usidondoshe kwenye zulia."