Kibali cha ujenzi Dodoma: shida ni kibali au ni X ya kubomoa kuja wakati wa kupaua?

Sisi wa Dodoma hatujaanza kulalamikia kibali leo. 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku tukawekwa chini ya CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ukipandisha tofali tu wanakuona, na ilipovunjwa 2017 watu walishangilia kwelikweli. Kazi zikaenda manispaa, mwaka uliofuata ikawa jiji, sasa hivi kuanzia Nzuguni mpaka Iyumbu na Nala kila kona kuna lundo la mchanga na kelele ni zile zile.

Na anayelalamika ana hoja jamani. Mtu anataka kuongeza chumba kimoja na choo cha ndani, anaambiwa alete ramani ya mtaalamu, nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi, alafu faili lizunguke kwa mipango miji, kwa mhandisi, kwa watu wa afya. Ramani tu inaweza kula hela ya tofali za chumba chenyewe. Fundi nae hakusubiri, akipata kazi Mkonze kashaenda. Ndo maana watu wanajenga wikiendi, Ijumaa jioni tripu ya mchanga inamwagwa, Jumatatu asubuhi ukuta ushafika dirishani, na mtaa mzima umenyamaza.

Ila mi nimeonja upande wa pili. Jirani yangu alichimba karo la choo bila kumuuliza mtu, hatua tatu kutoka ukuta wa chumba cha watoto wangu. Mvua zilipokolea ardhi ikashiba maji, ukuta ukaachia ufa unaoingiza kidole, na harufu usiniulize. Wala sio mtu mbaya, tulikaa kwa mjumbe tukayamaliza, akachangia nusu ya matengenezo. Lakini mtu wa afya angeuona mchoro kabla, lile karo lingehamishwa kwa kalamu tu. Na hapo bado hatujagusa ghorofa, maana huku tuko ukanda wa bonde la ufa, ardhi inatikisika, sa nondo za kukadiria kwa macho kweli?

Kwa hiyo Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mi siipingi. Kinachoniudhi ni muda wanaokuja. Mtu anachimba msingi, anamwaga jamvi, anapandisha kozi, anafunga renta, gari la wakaguzi linapita barabara hiyo hiyo, siku bati zinashushwa ndo rangi nyekundu inakuja kuandika X. Kwenye msingi kosa la kuingia barabarani unalirekebisha kwa kuhamisha kamba na vigingi, nusu siku imeisha. Kwenye bati ni milioni za mtu na ndoa yake. Mtendaji wa mtaa anajua kila msingi unaochimbwa kwake, apewe kazi ya kuita mkaguzi siku ya kamba, na hivi vyumba vya nyongeza viwe na ramani za bei ndogo zilizokwisha pitishwa, ukali wabaki nao kwenye maghorofa na fremu zinazosogea barabarani kila mwaka.

Mi mwenyewe nina tofali mia nne uani toka Mei, nasubiri faili. Jana fundi kanipigia, anasema Jumapili mtaa unakuwaga kimya.