Mtoto wa Jicho

Vitz yangu ilipata mtoto wa jicho. Taa zote mbili za mbele zilitanda utando wa njano. Ukiziwasha usiku, ni kama umetangulizwa na vibatari viwili. Nyumbani Kimara hatuna kibanda cha gari. Linashinda nje likitazamana na jua la Dar, na taa zile si kioo, ni plastiki. Jua likishaula ule mpako wa juu, basi tena.

Fundi rangi alitaja shilingi 40,000. Nikamcheka. Elfu arobaini kwa kusugua?

Jumamosi nikatoka nje na soksi kuukuu na dawa ya meno ya nyumba nzima, tyubu kubwa, mpya. Taa ya kulia nikaisugua nusu saa. Haki ya Mungu, ikang'aa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama: "Kijana, una mkono wewe." Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Ya kushoto ilikuwa sugu, na tyubu imekwisha. Nikaenda kwa seremala jirani kuomba kipande cha msasa. Akauliza nasugua kitanda gani. Nikamwambia ni taa. Akanitazama kidogo, akanipa. Nyuma umeandikwa 80. Nikaona namba ni ndogo, nikajua ndio ule laini.

Nikaisugua taa kwa nguvu. Likatoka vumbi jeupe, nami nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Nikamwagia maji: lahaula, taa kama imeshuka melini leo!

"Mama Asha, njoo uone!"

Alikuwa anakaanga maandazi. Mpaka anafika, maji yamekauka na taa imekuwa nyeupe, kama dirisha la choo. Nikamwagia tena, ikang'aa. Ikakauka, ikawa maziwa. Mara ya tatu akaniuliza, "Sasa baba Asha, usiku utakuwa unaendesha na ndoo?"

Jioni, Barabara ya Morogoro, trafiki akanipiga mkono. Akaenda mbele ya gari, akasimama, akarudi dirishani akijizuia kucheka.

"Mzee, hili gari lako linamkonyeza nani?"

Jumatatu nikampelekea yule yule fundi. Alipopapasa ile taa akaita wenzake wote wa gereji waje kuangalia. Akaanza na msasa wa maji, namba 800, akapanda hadi 2000 (kumbe namba ikiwa kubwa ndio ulaini!), polishi, kisha akapuliza kliya ya kukinga jua. Bei ikawa 70,000. Nyongeza, alisema, ni ya kufuta makucha ya chui.

Lakini hata Jumatatu haikuniuma kama Jumamosi ile ile usiku, nilipoingia bafuni na mswaki mkononi, nikaikuta tyubu imekunjwa hadi shingoni. Nikauliza kwa upole kama kuna dawa nyingine ya meno.

Mama Asha hata hakugeuka. "Ipo nje, kwenye taa ya kulia. Nenda na mswaki wako."