Chokaa na majivu ya miwa kwenye udongo mweusi wa Kano

Uwanda wa Kano, upande wa mashariki wa Kisumu, una vitu vitatu jirani: udongo mweusi unaopasua barabara, chokaa ya Koru, na majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya Chemelil na Muhoroni. Si ajabu wengi hutaka kuvichanganya ili kuimarisha barabara.

Kazi ya kwanza ni ya chokaa. Kalisi yake hufanya chembe za mfinyanzi zishikane, unato hupungua, na mvua haiuvimbishi udongo kama awali. Nguvu huja polepole baadaye, chokaa inapoungana na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mfinyanzi. Hapo ndipo majivu husaidia, maana yana silika nyingi na kalisi kidogo. Majivu matupu hayatibu udongo huu.

Tuhesabu. Tabaka la barabara la sentimita 15, kwa udongo mkavu wa kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, lina kilo 210 kwa mita mraba. Chokaa ya asilimia 5 ni kilo 10.5, majivu ya asilimia 10 ni kilo 21. Kilomita moja yenye upana wa mita 6 itameza tani 63 za chokaa na 126 za majivu. Tabaka mbili, mara mbili yake. Njia mbadala, kuondoa udongo huu sentimita 60 na kujaza maramu (udongo wa changarawe), ni mita za ujazo 3,600. Machimbo ya maramu yakiwa mbali, chokaa inashinda. Yakiwa karibu, sioni sababu ya kujisumbua.

Majivu ndiyo yenye vigeugeu. Yaliyo meusi yamejaa kaboni isiyoungua: hunywa maji na hayashiki. Chukua ya kijivu, yachekeche, na upime kila shehena, kwani tanuri halichomi sawa kila siku. Kiwanda kikisimama, majivu mapya nayo yamekatika.

Tandaza nusu ya chokaa, lowesha, acha siku moja au mbili mabonge yalegee, ndipo uongeze iliyobaki pamoja na majivu. Shindilia siku hiyohiyo, kisha weka unyevu siku saba. Chokaa iliyokaa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kama jiwe ilikotoka. Udongo wenye jasi (madini yenye chumvi ya salfeti) upimwe salfeti kwanza: ukikutana na chokaa huweza kuvimba kuliko ulivyokuwa.

Kwa msingi wa nyumba ndogo nasita. Sentimita 30 zilizotibiwa hazizuii udongo wa chini yake kuvimba na kusinyaa kila msimu, na ukuta utapasuka vilevile.