Nyumba ya kiangazi

Inakera sana nyumba za pembezoni mwa mji kupigwa rangi mwishoni mwa kiangazi na kutangazwa haraka kabla mvua hazijaanza. Mnunuzi anaonyeshwa kuta zinazong'aa na uani pakavu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtaa mzima unajua maji yanasimama wapi, isipokuwa yeye aliyelipa.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hufika kama mita 1 ukutani, ukiacha mstari wa madoa na unga mweupe wa chumvi. Rangi haiuponyi. Huufunika kwa miezi michache, kisha huvimba na kubanduka, kwa sababu maji bado yamo ndani ya tofali. Kwa hiyo ukikuta rangi mpya nusu ya chini tu, sogeza kabati, gonga plasta. Ikilia kama kitu kitupu ndani, imeshaachia ukuta. Pandisha macho kwenye dari pia, hasa kwenye pembe.

Nje ndiko kwenye ukweli zaidi. Ardhi inatakiwa kushuka kuelekea mbali na msingi, angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Mara nyingi ni kinyume: uani umepandishwa kwa kifusi na maji yanarudi ukutani. Gata nazo humwaga papo hapo kwenye msingi.

Na madalali waache kukataa watu kurudi siku ya mvua. Majirani waulizwe, tena wa upande wa bondeni.